Kufuli Nne za Afande Aber

Kamati ya Mashariki ya Ustawi wa Wasafiri, baada ya vikao vitatu na chai ya kutosha, imetangaza rasmi kwamba mwanamke yeyote anayesafiri kati ya Jinja na Mbale yu salama. Kwamba yu huru kwenda atakako, saa atakayo, peke yake, bila kuomba ruhusa, ushauri wala msindikizaji. Na kwamba ushauri wa safari unaotembezwa na watu binafsi, hususan akina mama, kwenye simu zao, hauna msingi wa kitaalamu na usizingatiwe. Tangazo lina ukurasa mmoja, mihuri miwili na picha ya twiga. Twiga hawapatikani Jinja wala Mbale, lakini kamati ilitaka kitu kirefu.

Afande Aber alilisoma tangazo hilo uani kwake Mafubira, nje kidogo ya Jinja, kwenye kiti cha plastiki, miwani puani na kalamu mkononi, kama alivyozoea kusoma barua za wafungwa kabla hazijatoka. Alipiga mstari chini ya maneno "watu binafsi, hususan akina mama". Akatafakari. Kisha akamwambia kuku aliyekuwa karibu:

"Hapa wananisema mimi."

Hakuwa anajikweza. Alikuwa ametumika miaka ishirini na minane katika jela ya wanawake, akastaafu mwaka uliopita, akarudisha sare, buti na kofia, akabaki na kitu kimoja tu ambacho serikali ilisahau kukidai: watu waliendelea kumwita Afande. Na watu hao hawakuwa wachache. Jirani yake Racheal, msusi mwenye kibanda kando ya barabara, miaka mitatu nyuma, Afande akiwa bado kazini, alikuwa amechoka kurudia kwa kila kichwa alichokisuka maelezo yaleyale ya wapi pa kulala Mbale na basi gani lina breki. Akafungua kundi la simu, akaliita Wenye Mabegi. Siku ya tatu akamwingiza jirani yake askari, kwa heshima tu. Siku ya nne jirani akatuma ujumbe wake wa kwanza wa sauti, na tangu hapo Racheal alibaki kuwa mwenye kundi kwa jina. Sasa lilikuwa na wanawake mia nne na kumi na wawili.

"Wanawake wa safari, habari," ujumbe ulikuwa ukianza, kwa Kiswahili cha kambi, kifupi na kilichonyooka kama gwaride. "Hapa ni Afande Aber. Leo ni gesti. Usiulize kama chumba ni kizuri, hakuna mtu atakwambia ni kibaya. Uliza nani alilala humo jana. Kaa juu ya kitanda kabla hujatoa jina. Godoro ambalo linakukataa mchana halitakupenda usiku. Halafu angalia mlango kwa ndani. Komeo ambayo imeshikwa na msumari moja, hiyo si komeo, hiyo ni pambo. Mwisho wa taarifa."

Au: "Ukishuka stendi ya pikipiki, usimuulize mwenye pikipiki yeye ni mtu wa namna gani. Muulize mama anayechoma mahindi hapo. Yeye amekaa miaka kumi anawatazama wote."

Wanawake waliyahifadhi maneno hayo kama dawa. Walimu waliopelekwa shule za mbali, wachuuzi, wauguzi, na Wakenya wa barabara kuu, hawa wa mwisho wakiongozwa na Edinah Barasa wa Bungoma, muuza mashuka, mwanamke mwenye kifua kipana na ulimi usio na breki, ambaye naye alichangia ushauri uliokuja kuwa maarufu: husafiri na jozi ya viatu vikuukuu vya mwanaume, namba kumi na moja, na kila anapolala huviweka nje ya mlango. "Tangu nianze," alisema, "hakuna mtu amenibishia hodi. Na hao viatu hawajawahi kuniomba chai."

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo wanawake mia nne na kumi na mmoja hawakulijua, na wa mia nne na kumi na mbili alilijua vizuri mno. Afande Aber hakuwahi kusafiri.

Alikuwa amehamishwa, ndiyo. Kutoka kwao kaskazini kwenda huku, kutoka huku kwenda kule, juu ya lori la serikali, yeye na sanduku lake la bati. Alikuwa amesindikiza wafungwa kwenda mahakamani, na kama kesi iliahirishwa alilala ameketi kwenye benchi, mkono mmoja umefungwa pingu na wa mtu mwingine. Lakini kuchagua mwenyewe mji, akachagua gesti, akalala humo, akaamka kwa wakati wake? Hata mara moja. Yote aliyoyajua aliyapata langoni. Miaka ishirini na minane alipekua mikoba ya wanawake waliokuja kuona ndugu zao, kutoka Soroti, Tororo, Mbale na ng'ambo ya mpaka, na wakati vidole vyake vikitafuta kilichofichwa kwenye unga, mdomo uliuliza: "Mama, jana umelala wapi? Ulilala vizuri? Maji ilikuwepo?" Wale wanawake walidhani wanahojiwa. Hakuna anayemdanganya askari jela kuhusu godoro. Ndiyo maana ushauri wake ulikuwa sahihi kuliko wa kamati yoyote.

Kwa hiyo Racheal alipoandika kundini, "Kwa nini tusiende pamoja jamani? Mbale, siku mbili, tupande mlima Wanale, Afande atuongoze!", na vidole gumba vikaanza kumiminika, Afande Aber alikaa akaitazama simu kama mtu aliyeletewa hati ya kumkamata. Akienda, wataona hajui kitu. Asipoenda, watauliza kwa nini. Na wakigundua kwamba mlinzi wa safari zao hajawahi kulala nje ya kambi na nyumbani kwake, hatakuwa tena Afande. Atakuwa mama mmoja wa Mafubira mwenye kuku.

Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine, nacho kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni kama soda iliyotikiswa. Angekwenda Mbale! Hakuna aliyemtuma!

Alinunua begi. Lilikuwa jekundu, lenye magurudumu, na kwa muda wa wiki nzima alilivuta kuzunguka uwanja wake kila asubuhi ili kuzoea, kuku wakikimbia mbele yake. Racheal alipochungulia juu ya ua akauliza kuna nini, Afande alimjibu kwamba anakagua matairi. Halafu akaenda sokoni Jinja akanunua kufuli nne, kubwa, za chuma kinene, zile ambazo muuzaji alisema watu hununua kwa maghala.

"Afande, tunakwenda kutembea ama kufunga kiwanda?" aliuliza Racheal.

"Mtu mwenye kufuli yake," alisema Afande, "halali kwa imani."

Ijumaa saa mbili asubuhi wanawake saba walipanda basi pamoja naye. Kwenye kituo cha mafuta baada ya Iganga, walipotoka chooni, Afande aliwataka wakae chini kando ya basi, wawili wawili. Walikaa, wakicheka. Akawahesabu kwa kugusa bega la kila mmoja, midomo ikimchezacheza, kisha akamwambia kondakta, "Sawa, toa gari," na kondakta, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumtii, alilitoa. Saa sita walishuka Mbale. Edinah Barasa aliwangojea akiwa amekalia robota lake la mashuka, viatu namba kumi na moja vikining'inia begani kwa kamba zake.

"Kumbe ndiye wewe!" alipiga kelele, akamkumbatia Afande hadi miguu ikaacha ardhi. "Mimi nilidhani uko mrefu! Sauti yako iko na mita mbili!"

Sasa walikuwa wanane, na yeye wa tisa.

Gesti ilikuwa upande wa viwanda, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, ghorofa moja yenye vyumba vitano juu, vyote vikitazama uani, madirisha yana nondo. Mwenyewe, Nabifo, mama wa Kigishu wa miaka sitini na kitu, alitoka jikoni akifuta mikono. Afande Aber akamwuliza, kwa Kiswahili chake kilekile, vyumba viko wapi na nani alilala humo jana. Nabifo alikuwa msichana enzi za utawala wa kijeshi, wakati Kiswahili cha askari kilipokuwa kikibisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mikono ilimwenda nyuma yenyewe, akasimama wima, akataja majina ya wageni wa wiki mbili zilizopita.

"Huyo ndiye Afande wetu," Racheal alimnong'oneza Nabifo kwa fahari, na huo ulikuwa utambulisho mbaya sana, kwa sababu ya yaliyofuata.

Ukaguzi ulikwenda vizuri kupita matarajio. Afande alikaa juu ya kila kitanda. Alitikisa kila komeo. Alinusa ndoo. Wanawake walimfuata chumba kwa chumba kama wanafunzi wa udaktari wanaomfuata bingwa wodini, na kila alipotikisa kichwa, mmoja alipiga picha. Hakuna aliyeshuku lolote. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama ngoma ya harusi. Akawagawia wanawake vyumba vinne, wawili wawili, akatwaa kile kidogo cha tano karibu na ngazi, na kwenye pete ya nje ya kila mlango wao akaning'iniza kufuli moja, wazi. "Funguo zote zitakaa kwangu," alisema. "Hapo hakuna kupotea." Wote waliliona jambo hilo kuwa la busara. Nalo lilikuwa la busara, kwa jela.

Wakala. Nabifo alikuwa amepika malewa, vile vichipukizi vya mianzi vilivyokaushwa kwa moshi, kwenye mchuzi mzito wa karanga, pamoja na matoke, na ingawa Edinah alionya kwamba mtu mwenye safari asishibe malewa, yeye mwenyewe alirudia sahani mara tatu. Racheal akawakumbusha kwamba afisa wa ile kamati angefika saa kumi na moja na nusu kuwapokea kwa heshima. Racheal mwenyewe ndiye aliyewaandikia kamati barua kwa makusudi, waje waone hao watu binafsi kwa macho yao. Basi, wakasema, tupumzike kidogo. Saa tisa na nusu ghorofa nzima ilikuwa inakoroma.

Afande Aber hakuweza kulala. Angewezaje? Alijinyoosha kitandani, akahesabu mbao za dari, akainuka, akashuka chini. Simu yake aliiacha mapokezini ikichajiwa, kwa kuwa alikuwa ameshauri mara nyingi kwamba mwanamke asitembee na simu mkononi katika mji asioujua. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa kumi na nusu kamili.

Saa kumi na nusu, katika maisha yake, ilikuwa na maana moja. Alipanda ngazi bila kufikiri. Alipita mlango wa kwanza, akausukuma kuona umefungika, akasikiliza pumzi mbili, akabana kufuli. Wa pili, pumzi mbili, kufuli. Alikuwa na mkono mwepesi. Kulikuwa na wafungwa ambao walifungiwa naye miaka sita na hawakuwahi kusikia chuma kikilia. Wa tatu. Wa nne. Wanane. Hesabu imetimia. Alishuka, akapita mbele ya Nabifo aliyekuwa akiosha masufuria, akamwambia, "Mama, nyumba iko salama," akatoka nje ya lango.

Na nje ya lango kulikuwa na Mbale!

Alikwenda kushoto, kisha akajiuliza kwa nini kushoto, akarudi akaenda kulia. Alivuka barabara kuangalia duka la majembe, akavuka tena kwa sababu upande ule kulikuwa na kivuli. Wapagazi wa kinu, weupe wa unga hadi kope, walimpungia mkono, naye akawapungia. Na mbele yake, juu ya mapaa ya mabati, Wanale ilikuwa imesimama, ukuta wa jiwe unaoziba nusu ya mbingu, na maji yakianguka kutoka kileleni membamba kama uzi mweupe uliosahauliwa na fundi. Miaka yote ile wanawake wa Mbale walimwambia langoni, "Kwetu kuna mlima," naye akaandika: anatoka Mbale. Hawakusema ulikuwa hivi!

Alitembea kuuelekea. Nyumba zikapungua, migomba ikaongezeka, barabara ikaanza kupanda. Kitu kizito kilikuwa kikimgonga pajani mfukoni mwa koti kila alipopiga hatua, lakini uzito ule ulikuwa umemgonga hapohapo miaka ishirini na minane, na angeushtukia kama usingekuwepo. Mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe kando ya njia aliinua mgongo.

"Mulembe, mama. Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu."

"Umepotea?"

"Hapana."

Mwanamke aliegemea jembe akangoja. Kuna maelezo, alihisi, yanakuja.

"Natembea tu," alisema Afande Aber, na maneno hayo mawili, ambayo hayakuwahi kutoka kinywani mwake yakiwa pamoja, yalimshangaza yeye kuliko yule mwenye jembe.

"Aa. Kama ni kutembea, panda kesho asubuhi mapema. Mchana wingu linashuka, udongo unakuwa sabuni. Na viatu hivyo hapana."

Afande alimshukuru kama aliyepewa cheo. Ushauri huo ulikuwa wake, ameupata barabarani, kwa miguu yake! Alipogeuka kurudi, mteremko ulikuwa mzuri kiasi kwamba alikimbia hatua kama ishirini hivi. Maisha yake yote alikuwa amekimbia tu pale mtu alipotoroka. Safari hii hakuna aliyekuwa ametoroka. Hata mmoja. Hawangeweza.

Alisikia kipaza sauti kabla hajafika langoni.

Uani, juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa, ilikuwepo kreti ya soda. Mbele yake alisimama mwanamke wa suti ya kijani, karatasi mkononi, uso umeinuliwa juu. Alikuwa Oliver, afisa wa kamati. Kwetu Oliver ni jina la mwanamke, na huyu alikuwa mwanamke mwenye shughuli nyingine saa kumi na mbili na nusu upande wa pili wa mji. Ameeleza hivyo. Kama wageni hawawezi kushuka, basi atawasomea hukohuko walipo. Na huko walipo, kwenye madirisha manne, wanawake wanane walikuwa wameshika nondo.

"…yu huru kwenda atakako," alisoma Oliver, "saa atakayo…"

"Ongeza sauti, madam!" Edinah alipaza kutoka dirisha la tatu. "Huku ndani hiyo ya uhuru haisikiki vizuri!"

"…bila kuomba ruhusa…"

"Nabifo! Vunja hiyo kitu bana, nina haja!"

Nabifo alikuwa chini ya ngazi, ameshika nyundo kwa mikono miwili, hakuwa ameitumia. "Mama, Afande ndiye amefunga," alisema kwa unyenyekevu. "Kama ni Afande amefunga, mimi ni nani wa kufungua? Labda mna kesi."

Hapo mkono wa Aber uliingia mfukoni, ukakutana na ule uzito. Alisimama kwenye lango, vumbi jekundu hadi magotini, akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Dirisha la kwanza lilimwona. Kelele iliyofuata ilimlazimu Oliver kukunja karatasi. Akaacha soda, akaacha nakala mbili zenye mihuri, akaagana na madirisha, akaondoka. Aber hakumbuki alivyopanda ngazi. Anakumbuka kwamba vidole vyake, vilivyofunga kufuli zile bila yeye, sasa vilikataa kupata ufunguo.

Edinah alitoka kwanza, akampita mbio kwenda alikokuwa na haja ya kwenda. Wengine walijaa ukumbini. Hawakuwa wamekasirika bado. Walikuwa wanangoja kuambiwa kama wakasirike. Na ndipo Racheal, ambaye alimpenda jirani yake, akafungua mdomo.

"Jamani, hamjaelewa? Afande alikuwa anatupima! Aone kama moto ukiwaka tutafanya nini. Hata nyundo hatukubeba!"

Ukumbi ukaanza kung'aa. "Eh, kweli!" "Alikuwa anatupima!" "Nami nimelala tu kama gogo!" Mmoja tayari alikuwa na simu mkononi, anaandika: ushauri mpya, beba nyundo. Uongo ulikuwa umeshakatwa, ukashonwa, ukapigwa pasi, na kilichobaki ni Afande kuuvaa. Angefanya hivyo. Alifungua mdomo afanye hivyo. Lakini ukuta wa Wanale ulikuwa bado kifuani mwake, na yule mwenye jembe, na zile hatua ishirini za mteremko, na alikuwa anawaka kutaka kuwasimulia. Na hakukuwa na namna ya kuisimulia ile mbio bila kusema kwamba ilikuwa ya kwanza.

"Hapana," alisema. "Sikupima mtu. Mkono ndio umefunga. Saa kumi na nusu mkono unafunga, mimi sijui kitu. Na nyinyi watu, mimi nataka kusema kitu kingine. Mimi sijawahi kulala gesti. Hii ndiyo ya kwanza. Hata kutembea, nimetembea leo." Kisha, kwa sababu haikuwezekana kungoja: "Nimekwenda mpaka chini ya mlima! Maji inaanguka hivi, hivi! Mama mmoja amenipa maharagwe!"

Alitoa maharagwe mfukoni. Hakuna aliyeyatazama.

Edinah alikuwa amerudi, amesimama juu ya ngazi. "Ngoja kwanza. Ile ya kukaa juu ya kitanda kabla ya kutoa jina?"

"Mama mmoja wa Soroti. Alikuja kuona binti yake."

"Na ya mama wa mahindi?"

"Mwalimu wa Tororo. Alikuja kuona dada."

"Na ya kufunga leso juu ya dirisha lisilo na pazia, ile imenisaidia Kakamega?"

"Hiyo ni yako, Edinah. Ulisema wewe mwenyewe, mwaka juzi. Umesahau, mimi nikaandika."

Edinah akafikiri. Ilikuwa adimu kumwona akifanya hivyo. "Kwa hivyo," alisema polepole, "yote ni sisi tulikuwa tunajiambia. Wewe ulikuwa tu posta."

"Posta," alikubali Aber. Kichwa kilikuwa chini.

"Na posta haijawahi kupoteza barua yangu hata moja," alisema Edinah, "isipokuwa leo imenifungia ndani ya bahasha." Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini sakafuni, na kicheko kikawapitia wengine mmoja mmoja, Nabifo akiwa wa mwisho, kwa tahadhari, nyundo bado mkononi.

Sio wote waliocheka. Mwalimu mmoja wa Jinja alisema wazi kwamba amedanganywa miaka mitatu, akaingia chumbani kwake, na hakutoka hadi chakula cha jioni. Racheal aliwaandikia kundi zima habari yote jinsi ilivyokuwa, maana Aber alimwamuru. Wanachama sita wakajitoa. Wengine walibishana hadi betri zikaisha. Uamuzi wa waliokuwepo ukatolewa na Edinah, ambaye hakuna aliyemchagua: Afande abaki kuwa Afande, aendelee kutuma taarifa, lakini funguo alete hapa. Aber akazitoa, akabaki akipapasa paja lake, mara mbili, tatu, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Asubuhi walipanda kabla ya saa moja, kwa shauri la yule mwenye jembe. Edinah alimkopesha Afande vile viatu namba kumi na moja, vikajazwa matambara kwenye ncha, na kwa viatu hivyo Aber aliongoza msafara mzima kwa kelele: tazameni hapa, tazameni pale, mti gani huu, nani ana maji, pumzikeni, hapana, twendeni! Mara mbili alifungua mdomo kuwahesabu, mara mbili Racheal akamwita aone kitu. Walifika juu wingu likiwa bado halijashuka. Mbale yote ilikuwa pale kama unga uliomwagika, na yule mwalimu aliyekasirika ndiye aliyemshika Afande mkono kwenye ukingo ili asiendelee mbele zaidi.

Jumapili jioni, akiwa Mafubira, alituma taarifa. Ilikuwa ya kwanza ambayo hakuiazima kwa mtu. "Wanawake wa safari, hapa ni Aber. Kufuli ni ya mlango wako, wakati wewe umetoka. Mwenzako ana mikono yake. Wanale pandeni asubuhi. Mwisho wa taarifa." Ilisikilizwa mara mia tatu na tisini kabla ya giza kuingia.

Jumatatu, namba mpya ya Mbale iliomba kuingia kundini, ikakubaliwa, ikauliza moja kwa moja kwa Afande. Alikuwa Oliver. Ofisi ilikuwa imempangia kazi Jinja, siku mbili, wiki ijayo, na alitaka kujua ni gesti ipi yenye komeo la kuaminika. Chumba kiwe cha watu wawili, aliandika. Kaka yake atamsindikiza.